Washauri nasaha wasio na leseni: wasakwe au waachwe?

Mwenye mada, Nairobi: Wadau, naandika nikiwa na hasira. Mtoto wa dadangu alikuwa akitumia dawa alizoandikiwa hospitalini. Mwaka jana akapelekwa kwa "Daktari" mmoja mwenye ofisi ya vioo mjini. Vikao vitatu tu, akaambiwa aache vidonge, ati shida yake ni majeraha ya utotoni. Wiki sita baadaye tukamrudisha wodini. Ndipo nikasoma kile cheti ukutani: kozi ya wiki mbili, ya mtandaoni.

Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014, na bodi ya kuwasajili ipo. Mbona hawa hawasakwi? Mimi nasema wafikishwe kortini. Nyinyi je?

Muuguzi, Kisumu: Pole sana. Ila hata angekuwa na leseni ya bodi hiyo, vidonge si kazi yake. Daktari wa magonjwa ya akili husoma udaktari miaka 6, hufanya kazi mwaka 1 chini ya uangalizi, halafu hurudi kusomea uzamili. Huyo yuko chini ya baraza la madaktari. Mwanasaikolojia mwenye uzamivu huitwa "Dkt." kwa haki yake kabisa, lakini hakusomea utabibu. Hiyo "Dkt." ndiyo inayotuponza. Sisi wauguzi tuna baraza letu, maafisa wa kliniki nao wana lao. Huwa nawaambia watu wamuulize mhusika waziwazi: ukinikosea, nikushtaki kwa nani? Akibabaika, chukua mkoba wako.

Mzee wa kanisa, Kitui: Nimekaa na wafiwa na wanandoa zaidi ya miaka 20. Leseni sina, na sijatoza hata shilingi. Huku kwetu kumwona daktari bingwa ni nauli na siku nzima njiani. Mkianza msako, na mimi nitiwe pingu?

Mwenye mada: Mzee wangu, wewe hujajiita mwanasaikolojia. Endelea kukaa na wafiwa. Namsema anayetoza elfu tatu kwa saa.

Mhitimu wa saikolojia, Eldoret: Kortini mtanifikisha mimi kwanza. Digrii ninayo, leseni bado, na msimamizi wa mazoezi namtafuta mwenyewe na kumlipa kutoka mfukoni. Nikikosea fomu, bodi inayo jina langu na anwani. Huyo wa vioo watampatia wapi? Hakuwahi kuomba chochote. Msako sipingi, ila uanze na wale ambao hawajawahi kubisha mlango wa bodi.

Muuguzi, Kisumu: Hapo kuna neno. Mwenye mada, kijana anaendeleaje?

Mwenye mada: Yuko nyumbani, amerudia dawa, analala. Yule bwana naye hajafunga. Jana nimeona tangazo lake jipya. Siku hizi si mwanasaikolojia tena, ni "kocha wa afya ya akili". Haya, huyo sasa ni wa baraza gani?