Condorcet aliutetea vipi uamuzi wa wengi ilhali alijua kasoro yake?

Mkulima, Hombolo:
Ndugu zangu, kikundi chetu cha wakulima wa zabibu chenye watu 21 kimekwama. Tulipopiga kura kwa jozi, kisima kilishinda ghala kwa kura 14 kwa 7, ghala likashinda trekta kwa 13 kwa 8, kisha trekta likashinda kisima kwa 11 kwa 10. Nasikia Condorcet, mwanahisabati wa Ufaransa, aliueleza mzunguko huu mwaka 1785. Aliwezaje basi kuendelea kuutetea uamuzi wa wengi, hata akaandika rasimu ya katiba ya jamhuri?

Mwalimu wa hisabati, Chamwino:
Ndugu Mkulima, mzunguko huo si dalili ya ujinga, kwa kuwa huweza kutokea hata pale ambapo kila mwanachama anajua vizuri anachokitaka. Katika kitabu hichohicho cha mwaka 1785 alimoueleza mzunguko huo, Condorcet alithibitisha pia jambo la kutia moyo, linalohusu maswali yenye jibu sahihi, kama vile mshtakiwa ana hatia au hana. Iwapo kila mpiga kura ana uwezekano wa 0.6 wa kupatia, na kila mmoja anaamua kwa akili yake mwenyewe, walio wengi kati ya watatu hupatia kwa uwezekano wa 0.648, na kadiri wapiga kura wanavyoongezeka ndivyo uwezekano huo unavyoikaribia 1. Ukianza na 0.4, watatu hushuka hadi 0.352, na umati mkubwa hukosea karibu kila mara.

Msomaji, Kondoa:
Nadhani sharti hilo, kwamba uwezekano wa kila mpiga kura kupatia uvuke nusu, ndilo lililomwongoza maishani, kwa kuwa elimu huweza kuupandisha. Mwaka 1792 aliliwasilishia Bunge la Ufaransa mpango wa elimu ya umma isiyolipiwa, na miaka miwili kabla yake alikuwa amedai wanawake wapewe haki za uraia, dai ambalo wanamapinduzi wenzake wengi hawakulijali. Rasimu yake ya katiba ilikataliwa mwaka 1793, naye alipoishambulia ile ya Wajakobini, kundi la wanamapinduzi wenye msimamo mkali, ikatolewa amri akamatwe. Alijificha Paris kwa miezi kadhaa, akiandika juu ya maendeleo ya akili ya mwanadamu, hadi alipokamatwa Machi 1794 na kukutwa amekufa mahabusu. Wengine husema alikunywa sumu, wanahistoria hawajaafikiana.

Mkulima, Hombolo:
Nashukuru sana. Na sisi tufanyeje?

Mwalimu wa hisabati, Chamwino:
Condorcet alipendekeza kwamba mzunguko ukitokea, uondolewe ule ushindi ulioungwa mkono na kura chache zaidi. Kwenu ni ule wa trekta dhidi ya kisima, wa kura 11. Chimbeni kisima.