DbContext: ielee hewani au ikabidhiwe mkononi?

Wakuu, heshima kwenu. Hili limetugawa ofisini.

Mfumo wetu ni wa .NET na Entity Framework (EF), maktaba ya kuzungumza na kanzidata. Aliyeuanzisha aliweka DbContext (kitu cha EF kinachoshika mazungumzo hayo na kanzidata) ya kuelea: mbinu (methods) za ndani hazikabidhiwi kitu, zinaiokota hewani kupitia AsyncLocal, hifadhi ambayo kila kazi mpya inairithi kutoka kwa iliyoizaa. Msimbo unasomeka vizuri, sikatai. Juzi kijana wetu kachoka na ripoti ya mwisho wa mwezi inayojikokota, kachukua matawi yetu 12, kayarusha yote kwa mpigo kwa Task.WhenAll, inayosubiri kazi nyingi zinazokwenda pamoja. Kwenye kompyuta yake poa. Kwenye seva chali: operesheni ya pili imeanza kabla ya ya kwanza kwisha.

Chanzo ni urithi. Kila kazi iliyozaliwa mle ndani iliondoka na DbContext ileile moja, nayo haikuundwa kuhudumia wawili kwa wakati mmoja. Tena tushukuru ilipiga kelele, maana EF haikamati kila mgongano. Ikipitwa, data inaweza kuharibika kimyakimya.

Mimi nasema kisichogawika kisiachwe hewani. Kila kazi ifungue DbContext ya kwake kwa IDbContextFactory (kiwanda cha kuziunda), ambayo ipo tangu EF Core 5 ya 2020, na iifunge yenyewe.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, unalaumu kisu kwa kidole chako. DbContextScope, maktaba ya kuelesha DbContext, ina SuppressAmbientContext ya kuificha ile inayoelea, kwa kazi hiyohiyo. Iite kabla hujazirusha, urithi unakatika. Mstari mmoja! Wewe unataka tubebeshe parameta mbinu sita zisizohusika ili ya saba ipate.

Mleta mada: Mstari huo mmoja ukisahaulika, kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) haisemi neno. Parameta ikikosekana, programu haijengeki. Nachagua kelele ya mapema.

Mchangiaji wa 2: Mnagombania mlango, nyumba hamjaitazama. DbContext 12 kila moja na muunganisho wake maana yake hakuna muamala mmoja (transaction: yote yahifadhiwe au yote yafutwe). Kwa kusoma, sawa. Siku mtakapoandika, tawi la saba likigoma, mengine yatakuwa yameshahifadhiwa. Halafu bwawa la miunganisho (akiba inayotumiwa kwa zamu) la SqlClient, kiunganishi cha SQL Server, msipoligusa, mwisho wake ni 100. Watu kumi wakibonyeza ripoti pamoja mnataka 120. Hivi ripoti yenyewe ilihitaji kwenda kwenye kanzidata mara 12, au ni GROUP BY moja tu, swali moja la SQL linalojumlisha kila tawi?

Mleta mada: Hilo la GROUP BY… hatukujaribu. Kesho nikifika naanza nalo, nitawaletea muda uliotumika. Ila la kuelea hewani bado sijakubali.