Tamthilia za Warusi: tuzitafsiri kutoka Kirusi chenyewe au tuendelee kupitia Kiingereza?

Mleta mada:
Wadau wa fasihi, habari zenu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tamthilia ya Chekhov au Gogol ikiletwa kwa Kiswahili, lazima ipite kwa mtu anayesoma Kirusi. Tukipitia Kiingereza tunapokea kilichobaki baada ya mwingine kuchambua, na mara nyingi alichokiacha ndicho ambacho Kiswahili kinakimudu vizuri.

Chukueni tamthilia ya Chekhov ambayo Kirusi inaitwa Dyadya Vanya. Neno dyadya halisemi kama ni ndugu wa mama au wa baba, na neno la Kiingereza vilevile. Sisi hatuna pa kukwepea: ama ni mjomba, ama ni ami. Ukiisoma unakuta Vanya ni kaka wa marehemu Vera, mama yake Sonya. Basi ni Mjomba Vanya, na uchungu wote wa mchezo umo humo. Baba yao alinunua shamba kwa rubli 95,000 liwe la Vera anapoolewa. Alilipa 70,000. Vanya akaacha urithi wake kwa ajili ya dada yake, kisha akafanya kazi miaka 10 hadi deni likaisha. Halafu katika tendo la tatu shemeji yake, Profesa Serebryakov, aliyekuwa mume wa Vera na ndiye baba yake Sonya, anakuja kutangaza kwamba shamba liuzwe! Mtu aliyekulia kwetu akisikia "mjomba" hapo, hahitaji maelezo.

Hilo la mjomba nakubali hata msomaji makini wa Kiingereza angeligundua. Lakini hili hapa asingelipata. Kirusi kina "wewe" mbili: ty ya mtu wa karibu, na vy ya heshima au ya kuwekana mbali. Elena, mke mpya wa Profesa, ana miaka 27, na yeye na Sonya wamekuwa hawasemezani. Usiku wanakunywa divai katika glasi moja, na Elena anauliza: basi ni ty? Sonya anajibu: ty. Kisha analia. Ugomvi wa nyumba nzima unaisha kwa kineno hicho kimoja. Kiingereza cha leo kina "wewe" moja tu, kwa hiyo mtafsiri wake inambidi ashone kiraka. Anayetafsiri kutoka kwake anatafsiri kiraka.

Kwetu ukaribu na heshima vinakaa katika namna ya kuitana. Mimi ningemfanya Sonya amwite "Bi Elena" tangu pazia linafunguliwa, na hapo kwenye glasi "Bi" iondoke, libaki jina. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakuelewa, ila kizingiti unachoweka ni kirefu mno. Gogol tunaye kwa Kiswahili tangu 1979, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, kazi ya Christon Mwakasaka. Yule hakimu anayekiri mbele ya wenzake kwamba hongo anakula, ila hongo yenyewe ni vitoto vya mbwa wa kuwindia, kwa hiyo haihesabiki, anavuka lugha kumi bila kupungukiwa na kitu. Wanaojua Kirusi na papo hapo wana sikio la jukwaa ni wachache sana. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare mwaka 1963 alikuwa na mto mmoja wa kuvuka. Kwa Warusi mito ni miwili, na daraja lililopo ni Kiingereza. Mimi naona bora mwanafunzi ampate Chekhov mwenye viraka kuliko amkose kabisa.

Mleta mada:
Ndugu, kwamba kisa kinavuka sikatai. Lakini huyo hakimu anaitwa Lyapkin-Tyapkin, na Mrusi akilisikia jina hilo anasikia tyap-lyap, yaani kazi ya kulipua. Tafsiri nyingi za Kiingereza huliacha jina kama lilivyo, basi anayetafsiri kutoka huko hajui hata kama kuna kitu amekiruka. Sisi tungemwita Hakimu Lipualipua, na ukumbi ungemjua kabla hajafungua mdomo.

Halafu kuna Firs, mtumishi wa miaka 87 katika tamthilia ya Chekhov ya bustani ya micheri, ile iliyoonyeshwa Moscow mara ya kwanza Januari 1904. Ana neno lake, nedotyopa, yaani mtu asiyeweza lolote, analirudia tangu mwanzo kwa watu mbalimbali. Mwisho wenye nyumba wanaondoka, wanamsahau ndani, milango imefungwa, na neno la mwisho kutamkwa jukwaani ni hilohilo, safari hii anajiambia mwenyewe. Neno hilo halina budi kuwa moja mchezo mzima, la sivyo mwisho haumuumizi mtu. Mimi ningeweka "gumegume". Lakini kulifuatilia mchezo mzima kunataka mtu anayeliona katika Kirusi.

Na kuhusu daraja: chuo kikuu kilichopewa jina la Lumumba kilifunguliwa Moscow mwaka 1960, na Waafrika Mashariki wengi wamesoma huko. Si lazima wawe waandishi. Mmoja wao akae meza moja na mwandishi wa tamthilia, asome Kirusi kwa sauti, aeleze, mwenzake aandike. Hata baada ya miezi sita, tendo moja lililotoka hivyo ningelipokea kwa mikono miwili.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, mie niko upande wa mleta mada, ila kwenye glasi ile amekosea. Mtoto wa kwetu akipatana na mke wa babake, hamwiti jina kavu. Atatoka kwenye "Bi Elena" aje kwenye "mama". Huko ndiko kusogea.

Mleta mada:
Dada yangu, umenipa kazi. Nimelisoma tena na "mama" masikioni. Ninachokiogopa ni kwamba hawa wawili wanapatana kama marika, na "mama" itamrudisha Elena juu yake. Lakini ukisema "Elena" tupu, nakiri watazamaji wa Unguja watasikia utovu wa adabu pale pale ambapo Sonya analia. Nitajaribu "dada".

Mchangiaji wa pili:
"Dada" kwa mke wa baba? Watu wataguna. Jaribu mbele ya watu kwanza, usimalizie kwenye daftari.