Naombeni ushauri: nusu marathoni Nairobi, mara yangu ya kwanza

PwaniYaWete
Assalaam alaykum nyote. Mie ni mwanamke, kwetu Wete lakini kazi yangu iko Unguja mjini. Nshajiandikisha nusu marathoni ya Nairobi mwisho wa mwezi wa kumi. Kilomita 21 na ushei sijapata kuzikimbia maishani. Alfajiri baada ya sala nakimbia kutoka Mtoni kuelekea Bububu na kurudi, na Jumapili natoka na kikundi chetu cha mazoezi. Nataka nimalize kwa saa mbili. Nauliza mambo mawili: viatu vya soli nene au nyepesi? Na nianze kwa kasi gani nisije nikakata pumzi njiani? Usiku usingizi hauji kwa wasiwasi. Nisaidieni kwa ukweli.

Mzee_wa_Bonanza
Waalaykum salaam mwanangu, hongera sana. Viatu visikutie hofu. Sie tulikimbia peku viwanja vya Maisara na miguu tunayo mpaka leo. La muhimu ni moyo. Msome John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, Olimpiki ya Mexico 1968. Alianguka, goti likaumia, akalifunga kitambaa na akamaliza marathoni akiwa wa mwisho, washindi walishapewa medali zamani. Kila tarehe mosi Januari tunapotoka kwenye mazoezi ya kitaifa huwa nawasimulia vijana habari zake. Wengi wao hata jina hawalijui, na jambo hilo linaniuma.

Kasi_ya_Kusi
Mzee heshima yako, lakini hadithi ya Akhwari ina upande wa pili. Mji wa Mexico uko juu mita 2,240, na misuli ilimkaza kwa sababu hakuwa amezoea hewa ya huko. Nairobi nayo iko karibu mita 1,800. Mimi nilisoma kule. Mtu aliyetoka usawa wa bahari, kila pumzi anapata oksijeni pungufu, karibu moja ya tano. Ukianza kwa kasi ya Bububu, kilomita ya nane miguu inakuuliza umeileta wapi. Tena njia ya miaka ya karibuni inapita Southern Bypass, kule kuna vilima, si tambarare ya Mtoni. Saa mbili zisahau, panga kumaliza tu. Viatu ni vile ulivyovizoea, usivae vipya siku ya mbio.

Nijibu hili kwanza: mbio yako ndefu kabisa mpaka sasa ni kilomita ngapi, na uliimaliza vipi?

Mama_Watatu
Shoga yangu, ukifika Nairobi usiondoke bila kupita Eastleigh! Madera, mashuka, mapazia, bei utashangaa. Mie nilikwenda kwa harusi ya wifi yangu nikarudi na mizigo mpaka mume akaniuliza kama nafungua duka. Asubuhi kule baridi, chukua sweta. Na kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani, ukirudi kutoka Kenya unaweza kuulizwa.

PwaniYaWete
Ahsanteni. Mama Watatu, sweta nimeliandika. Kaka Kasi, ndefu kabisa ni kilomita 14 hivi, ningefika zaidi ila miguu ilikaza. Ndiyo maana nauliza viatu.

Kasi_ya_Kusi
Ilikaza vipi? Mmoja au yote miwili? Uliendelea au ulisimama?

PwaniYaWete
Nilisimama. Lakini kila mkimbiaji hukaza miguu, au sivyo? Naomba turudi kwenye soli.

Nesi_wa_Chake
Dada yangu, swali la kaka hapo juu lijibu vizuri. Linanihusu na mie.

PwaniYaWete
Haya, nasema. Ilikuwa Alhamisi, nimefunga sunna, nikatoka alasiri nirudi karibu na futari. Pale Beit el Ras miguu yote miwili ikaisha nguvu, mapaja na kiuno. Hayakuwa maumivu makali, ni udhaifu tu, nikaketi kando ya barabara. Kijana mmoja wa bodaboda akanirudisha nyumbani. Usiku mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nikanywa maji mengi na madafu, baada ya siku chache nikawa mzima. Tangu hapo nimekimbia tena wala sikuona kitu. Kwa hiyo naona ilikuwa njaa na kiu basi.

Sauti_ya_Mkunazini
Subhanallah. Funga ya sunna hukulazimishwa, na mbio hukulazimishwa, wewe umezibeba zote mbili jua la alasiri. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwili wako una haki juu yako. Na mwanamke kukaa kando ya barabara magharibi inaingia, hivi hapo nyumbani hakuna wazee?

Mzee_wa_Bonanza
Sheikh, mwache mtoto. Sisi katika kikundi chetu mama wa miaka 60 anatukimbiza. Shida hapa ni maji, si mbio.

Nesi_wa_Chake
Shida huenda si maji peke yake. Dada, nakuuliza wazi, ukitaka nijibu pembeni pia sawa. Umeshapima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi?

*(Kimya mpaka siku ya pili.)*

PwaniYaWete
Nimesoma swali hili jana usiku nikazima simu. Ndiyo. Mdogo wangu wa kiume ana selimundu yenyewe. Sote nyumbani tulipimwa alipogundulika, mie ni mbeba kinasaba tu, AS. Tuliambiwa mbeba hana ugonjwa, aishi kama watu wengine, na ndivyo nilivyoishi. Mbio hizi nakimbia kwa ajili yake. Amelazwa mara nyingi mwaka huu, na anafuatilia mazoezi yangu kuliko mie mwenyewe, kila nikirudi ananiuliza leo ngapi. Wenzangu kazini wamenichangia tiketi ya ndege. Nshawaaga. Msiniambie niache.

Kichwa_Mbele
Jamani nyie mna imani kubwa. Post ya kwanza ni viatu. Ya pili miguu imekaza. Ya tatu mkojo mweusi. Sasa kuna mdogo mgonjwa na tiketi ya mchango. Post ya tano itakuja na namba ya simu ya kutuma pesa. Uzi wa namna hii niliuona mwaka jana, mtu "anapelekwa India", watu wakatuma, akapotea. Nusu ya mambo haya yametungwa.

Mama_Watatu
Uzi ule hata mie nilituma elfu kumi yangu! Mpaka leo roho inaniuma.

Sauti_ya_Mkunazini
Ndiyo maana sadaka mpe jirani unayemjua.

Kasi_ya_Kusi
Kichwa, mtunzi wa uongo angejua wapi kwamba udhaifu wa AS huja bila maumivu makali? Watu wote hudhani ni kukaza kwa kawaida. Mimi namwamini.

Kichwa_Mbele
Intaneti ipo, kila kitu kinasomwa.

PwaniYaWete
Kaka Kichwa, shilingi sijaomba na sitaomba. Namba yangu hutaiona hapa. Ugonjwa wa mdogo wangu nilikuwa siutaki humu, nimeutaja kwa sababu nimeulizwa na mtu aliyeuliza kwa adabu. Kama hutaki kuamini, usiamini, lakini usimfanye yeye hadithi.

Nesi_wa_Chake
Mie najibu niliyouliza, mengine mtajuana.

Mbeba kinasaba hana ugonjwa, hilo uliambiwa kweli. Mamilioni ya watu wako hivyo na wanafanya kazi nzito. Lakini mwili ukikaushwa maji, ukipashwa joto na kusukumwa kupita kiasi, chembe nyekundu zinaweza kupinda, damu isifike vizuri kwenye misuli, na misuli ikaanza kuvunjika. Mabaki ya misuli hutokea kwenye mkojo, ndio ule weusi ulioona, na figo ndizo zinazoumia. Mwinuko unaongeza hatari. Marekani, kijana mcheza mpira wao, Dale Lloyd wa chuo cha Rice, alifariki 2006 baada ya mazoezi, akiwa AS. Kuanzia 2010 vyuo vyao vya daraja la juu la michezo vikawekewa sharti la kupima wachezaji. Utafiti wa wanajeshi wao uliotoka 2016 haukukuta vifo zaidi kwa wenye AS, ila misuli kuvunjika ilizidi. Kwa hiyo sikwambii usikimbie maisha. Nakwambia mwili wako umeshakuonyesha mara moja, usiende mita 1,800 kabla figo hazijapimwa.

PwaniYaWete
Na kama vipimo ni vizuri?

Nesi_wa_Chake
Basi daktari akusikilize habari yote, na ule mkojo umtajie, usiufiche kama ulivyotuficha sie. Mbio na funga usivichanganye siku moja. Miguu ikianza kulegea, simama hapo hapo, usijikaze kwa ajili ya mtu yeyote.

Kasi_ya_Kusi
Kuna jambo la kati. Waandikie waandaaji uulize kama wanakubali kukuhamishia kilomita 10. Ndege ni ile ile, mji ni ule ule. Na kama ni 21 lazima, tafuta ya Dar, uko usawa wa bahari na mwili unaijua hewa, ila joto lichunge.

PwaniYaWete
Kilomita 10 nitamwambiaje? Keshawatangazia wodi nzima 21.

Mzee_wa_Bonanza
Mwambie ukweli kama ulivyotwambia. Mtoto aliyelala hospitali anajua damu ni nini kutushinda sote hapa.

PwaniYaWete
Jumatatu natoa damu na mkojo. Barua ya waandaaji nimeanza kuiandika lakini sijaituma.

Kichwa_Mbele
Itume leo. Nafasi za kubadilisha huwa zinafungwa mapema.