Fivi kwa mjamzito mwenye homa: je, ni salama?

Mkazi wa Kibosho, Moshi

Wakubwa shikamooni. Kando ya mfereji unaopita shambani kwetu umeota mmea wa porini tunaouita fivi, ambao wengine huuita pakanga. Mama yangu mzazi huchemsha majani yake kwa ajili ya mafua na kikohozi, nasi tumekunywa tangu utotoni. Juzi mke wangu, ambaye ana ujauzito wa miezi minne, alishikwa na homa, na mama akamwandalia kikombe cha kunywa asubuhi na jioni, akisema kwamba mmea huu ndio unaotengenezewa dawa za malaria. Naomba kujua kama maneno hayo ni kweli, na kama mke wangu aendelee kunywa.

Mfamasia, Arusha

Ndugu, asiendelee, na leo hii umpeleke kituo cha afya apimwe, kwa sababu malaria kwa mjamzito huweza kumletea upungufu mkubwa wa damu, na hata mimba kuharibika. Akikutwa na vimelea atapewa dawa inayolingana na umri wa mimba. Awaambie wahudumu kwamba amekunywa fivi, bila kuona haya.

Mama hakukosea kabisa, ila anazungumzia mmea mwingine wa ukoo uleule. Artemisinini, yaani kemikali inayotengenezewa dawa za malaria, iliyogunduliwa na wanasayansi wa China wakiongozwa na Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, hutoka katika *Artemisia annua*, mmea wa msimu mmoja ambao umewahi kulimwa hata huku kwetu Arusha kwa ajili ya viwanda. Fivi ni *Artemisia afra*, ambayo haina kiasi cha artemisinini kinachoweza kutegemewa kutibu malaria. Isitoshe, hata huo wa kwanza Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019 utumike kama chai ya kutibu malaria, kwa kuwa kipimo cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani, na dozi pungufu huwazoesha vimelea dawa.

Kwa upande wa ujauzito, mafuta ya fivi huwa na kemikali iitwayo thujoni, ambayo ikizidi huleta degedege, na mimea yenye kemikali hiyo haishauriwi kwa wajawazito kwa kuhofia mimba kutoka. Mwenye kifafa naye aiepuke.

Mkulima mstaafu, Machame

Nakubaliana na mfamasia kuhusu mjamzito, lakini tusiuhukumu mmea wote kwa kosa la matumizi. Kwa mtu mzima mwenye mafua, kujifukiza kwa majani machache ndani ya maji ya moto, au kunywa kikombe chepesi chenye asali kwa siku chache, ni jambo lililozoeleka milimani kwetu, nami sioni sababu ya kuliacha. Wanaokunywa sufuria nzima miezi na miezi eti "kusafisha damu" ndio wanaonitia hofu.

Tazama pia unachokichuma. Fivi halisi ina shina gumu chini, huchipua tena ikikatwa, na jani lake lililochanika-chanika ni la kijani juu na la kijivujivu chini. Ukilifikicha linatoa harufu kali inayokaribia kafuri. Ukiwa na shaka, peleka tawi lenye maua Ngaramtoni, ilipo hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea. Halafu huo mfereji wako: kama juu yake kuna kahawa inayopigwa mrututu, ile dawa ya shaba ya kuzuia chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, usichume hapo hata kama mmea umestawi namna gani.

Mkazi wa Kibosho, Moshi

Ahsanteni sana. Kipimo kimeonyesha malaria, na ameshaanza dawa. Nimemweleza mama kwamba ni daktari aliyezuia, naye amekubali. Sasa baba, ambaye anatumia vidonge vya kisukari, naye hunywa fivi kila jioni. Je, yeye aendelee?

Mfamasia, Arusha

Asimame kwanza hadi azungumze na daktari wake wa kliniki ya kisukari. Fivi hutumiwa na wengi kushusha sukari, na majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba huweza kuishusha kweli. Ikiungana na vidonge, sukari yake inaweza kuporomoka usiku akiwa amelala. Akiamka na jasho jingi, kutetemeka au kuchanganyikiwa, mpeni kitu chenye sukari mara moja ikiwa anaweza kumeza, kisha mkimbizeni hospitali.