Kumnyonga mbeba unga: tunamkomesha nani?

Mwanasheria_Mchanga: Wakuu, salaam. Nipo mwaka wa tatu sheria, na muhula huu mhadhiri kanichukua niwe msaidizi wake wa utafiti. Nasoma hukumu za Singapore za dawa za kulevya na kuzijaza kwenye Excel: umri wa mshtakiwa, kazi yake, uzito wa mzigo, kama alipata cheti au hakupata. Kule heroini ikizidi gramu 15 ni kitanzi. Baada ya marekebisho ya 2012, jaji anaweza kukupa kifungo cha maisha ikithibitika ulikuwa mbebaji tu, na mwendesha mashtaka akatoa cheti kwamba taarifa zako zimesaidia kweli kuvuruga biashara.

Safu ya cheti ndiyo inayonisumbua. Chukueni kesi ya Nagaenthran Dharmalingam, kijana wa Malaysia. Alikamatwa 2009 akivuka mpaka, kafungiwa mzigo pajani, gramu 42.72. Akili yake ilipimwa (IQ), akapata 69, chini sana ya wastani. Cheti hakupewa, akanyongwa Aprili 2022. Mtu wa namna hiyo ana siri gani ya kumpa polisi? Anayejua mambo ana cha kubadilishana na uhai wake. Asiyejua kitu ananyongwa. Nauliza, hii adhabu inamlenga nani?

Tanga_Kunani: Unaziona gramu chache kwa sababu hujazika mtu. Mdogo wangu alianza na kete moja, akamaliza vyombo vyote vya mama, mpaka mabati ya jikoni. Hao punda, wabeba unga mnaowalilia, ndio waliomletea. Kitanzi, tena mchana kweupe.

Kiroba_Tupu: Nimekaa siti ya mbele, muuza kahawa pita huku.

Wakili_wa_Mtaa: Mleta mada, weka sawa jambo moja. Hizo 15 ni za heroini halisi, baada ya mkemia kutoa vichanganyio vyote. Mzigo wenyewe mkononi huwa mkubwa kuliko hapo. Serikali yao husema zinawatosha waraibu kama 180 kwa wiki, kama sikosei. Siwatetei, ila tusije tukachekwa.

Mwanasheria_Mchanga: Sawa kabisa, mkuu, ni uzito halisi. Lakini hata hivyo ukikutwa na mzigo, sheria inakudhania unajua kilichomo. Wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba hukujua.

Njoro_Kayole: Mnaenda Singapore yote hiyo na sisi Wakenya tulikuwa na dada yetu Vietnam juzi tu! Alishikwa uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh City 2023 na kilo mbili hivi kwenye begi, Machi 2025 wakamhukumu kifo. Huku watu wakapiga kelele, serikali ikaanza kubembeleza kwa simu. Juni ya mwaka huohuo bunge lao lenyewe likafuta kifo kwa kosa la kusafirisha. Kwani unga ulikuwa umeisha Vietnam?

Tanga_Kunani: Begi la kupewa na "rafiki". Kila siku ni begi la kupewa. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kupewa begi na tiketi ya ndege juu yake.

Njoro_Kayole: Hujawahi kwa sababu huna sura ya kuaminika 😂

Tanga_Kunani: Chunga mdomo wako. Naongelea maiti, wewe unaongelea sura.

Bi_Mkubwa_Ilala: Wanangu, taratibu. Tanga, pole sana baba. Niulize tu, mdogo wako aliwahi kufikishwa kliniki ya methadone, ile dawa ya kuwaachisha waraibu heroini? Muhimbili walianza 2011, na Mwananyamala na Temeke nako ipo. Mtaani kwetu kuna vijana wanaamka alfajiri kwenda kunywa dawa, saa tatu wako kazini. Mmoja ndiye fundi wangu wa bomba.

Tanga_Kunani: Mama, shikamoo. Hiyo habari tuliipata tukiwa tumeshachelewa. Na ndiyo maana nasema aliyeuleta anyongwe.

Wakili_wa_Mtaa: Kwetu Tanzania sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ina kifungo cha maisha, kifo ni kwa makosa kama mauaji na uhaini, na hata hicho hakijatekelezwa tangu 1994. Iran nao kama 2017 walipandisha viwango vya uzito, kunyonga kukapungua, halafu miaka ya karibuni kukarudi juu vibaya. Malaysia 2023 wameondoa kifo cha lazima, jaji anachagua.

Kiroba_Tupu: Mleta mada, mbona hujiulizi kuhusu wewe? Na wewe ni punda. Mhadhiri kakupakia hukumu mgongoni, makala ikitoka jina ni lake, wewe unawekwa kwenye shukrani chini kabisa, baada ya mke wake.

Mwanasheria_Mchanga: Punda mwenyewe. Nina mkataba na nalipwa kwa saa.

Kiroba_Tupu: Punda wote wanalipwa, mkuu. Swali ni nani anabaki na faida.

Msomi_Mstaafu: Hapo kagusa. Nimesambaza madodoso vijijini mvua inanyesha, nikayaandika majibu yote upya kwa mkono, jina langu sijaliona popote. Posho ya mwisho naidai mpaka leo. Chuo sikitaji.

Njoro_Kayole: Huku angalau unaingizwa mwandishi wa tatu ukilia vizuri.

Mwanasheria_Mchanga: Jamani, mimi nimeuliza kuhusu watu wanaonyongwa.

Wakili_wa_Mtaa: Mwandishi ni aliyetoa wazo na aliyechambua. Kujaza Excel si uandishi.

Msomi_Mstaafu: Kujaza Excel si uchambuzi? Hukumu ya kurasa 80, nani anaamua huyu ni mbebaji na yule ni muuzaji? Aliyekaa ofisini na kiyoyozi?

Tanga_Kunani: Watu wanakufa, nyie mnagombania jina kwenye karatasi. Kwaherini.

Bi_Mkubwa_Ilala: Tanga, usiondoke baba. Nitumie ujumbe pembeni.

Mwanasheria_Mchanga: Mzee Mstaafu, kwa kuwa umefika hapo, nisaidie. Nina mshtakiwa aliyesema alibeba ili alipe deni. Jaji kaliandika kwenye mstari mmoja na kupita. Niweke "shida ya fedha", au niache wazi kwa kuwa jaji hakusema kama alimwamini?

Msomi_Mstaafu: Weka safu mbili: alichodai mshtakiwa, na alichokubali jaji. Usizichanganye hata siku moja. Mhadhiri wako hakukupa mwongozo wa kujazia?

Mwanasheria_Mchanga: Alisema nitumie busara.

Kiroba_Tupu: 😂😂 Na saa moja ya busara analipa ngapi?