Ushauri: Kitengo cha ndege ndani ya chama chetu Malindi, nani ana haki ya kura?

mchunga_shakwe
Asalaam aleikum wanajukwaa, na habari za jioni.

Niko Malindi. Mimi ni katibu wa kitengo cha ndege katika chama cha elimu ya viumbe ambacho jina nitaliweka kando. Chama kimesajiliwa kwa Msajili wa Vyama, kina katiba na halmashauri, na ndani yake mna vitengo vya utaalamu: mimea, viumbe wa baharini, na sisi wa ndege. Katiba imevigusa vitengo kwa sentensi moja tu, kwamba halmashauri yaweza kuviunda na kuvisimamia. Nani ni mwanachama wa kitengo, nani humchagua mwenyekiti, pesa zikae wapi, haisemi kitu.

Zamani hili halikumkera mtu. Kitengo kilikuwa ni watu wachache wanaokwenda kuhesabu ndege mlango wa mto Sabaki kila Januari, wakirudi wanywe chai, basi. Sasa tumepata ufadhili mdogo wa darubini na nauli za kwenda Sabaki na hori ya Mida, na ghafla kila mtu ana hamu ya uongozi. Mwenyekiti ni mzee wetu, ndiye aliyekianzisha kitengo, na hajawahi kupigiwa kura. Watu wanataka uchaguzi.

Fundo ni hili. Waliolipa ada ya chama na kujiandikisha kwetu wengi wako Nairobi na Mombasa, tunawaona WhatsApp tu. Wanaozama kwenye tope kuhesabu ndege ni vijana wa Sabaki na Mambrui na waongoza watalii wa Gede, na wengi wao hawajalipa ada, kwa hivyo kikatiba si wanachama. Hawa wanasema bila sisi hamna hesabu. Wale wanasema chama ni ada.

Nimepewa kazi ya kuandika kanuni za kitengo. Nani apige kura? Mwenyekiti akae muda gani? Na pesa?

BintiMkunguni
Waaleikum salaam kaka. Kabla ya yote, hizo kanuni zitapitishwa na nani? Mkizipitisha wenyewe Malindi bila halmashauri kutia mkono, siku ya ugomvi wa kwanza mtaambiwa ni karatasi ya kufungia kashata.

mchunga_shakwe
Dada, halmashauri imesema tuwapelekee rasimu, wao waidhinishe. Kwa hilo tuko sawa.

wakili_kibarazani
Nianze na sheria, halafu wenzangu wataleta busara.

Kitengo si chama. Hakina cheti, na chochote mnachofanya kimefanywa na chama. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ina jedwali linalotaja mambo ambayo katiba ya kila chama kilichosajiliwa lazima iyaseme: nani anaweza kuwa mwanachama, ada ni kiasi gani, viongozi ni akina nani na huchaguliwa vipi, akidi ya mikutano, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji, pesa zinatunzwa na nani, ukaguzi wa hesabu, jinsi ya kubadilisha katiba, na mali itakwenda wapi chama kikivunjwa. Hayo ni ya chama kizima. Kwa hiyo kanuni zenu haziwezi kumzaa mwanachama ambaye katiba haimjui.

Lakini usikate tamaa hapo. Kuna kura za aina mbili. Kura ya mkutano mkuu wa chama ni ya wanachama, hamna mjadala. Kura ya ndani ya kitengo, kumchagua mratibu wa kuhesabu ndege kwa mfano, halmashauri yaweza kuiweka mikononi mwa watu inaowataka, kwa sababu yenyewe ndiyo inayounda na kusimamia vitengo. Kama ingetaka ingemteua huyo mratibu bila kura ya mtu yeyote.

Weka sentensi hii juu kabisa ya kanuni: zikigongana na katiba ya chama, katiba ndiyo itakayofuatwa.

Na jambo moja dogo ambalo si dogo. Jedwali hilohilo linataka katiba ikataze kugawana pesa za chama baina ya wanachama. Nauli kwa risiti ni halali. Kugawana masalio ya ufadhili Idi ikikaribia, hapana.

kitwitwi_wa_Mida
Wakili umesema vizuri lakini mimi nimechoka na hii hadithi ya ada. Niko upande huo wa tope. Tunaamka alfajiri maji yakitoka, tunahesabu, tunajaza fomu, halafu ripoti inatoka na majina ya watu ambao hawajui Mida iko upande gani wa Watamu. Mkutano ukifika tunaambiwa kaeni nyuma, msikilize. Mtu akitaka nihesabu asinifiche kura.

BintiMkunguni
@kitwitwi_wa_Mida majina kwenye ripoti na kura ni kesi mbili, ndugu yangu. Ya majina ni dhuluma, nakubali. Aliyehesabu aandikwe, awe amelipa au hajalipa, na hilo liwe kanuni, lisingoje hisani ya katibu. Ya kura, ngoja kwanza tuwasikie wazee.

mwalimu_mstaafu_Kisumundogo
Wanangu, shida hii si ya Malindi peke yake, vyama vya sayansi vimehangaika nayo tangu karne ya 19.

Tazama Shirika la Marekani la Kuendeleza Sayansi, lililoanzishwa 1848. Lina sehemu 24, kila moja na herufi yake, kuanzia hisabati mpaka isimu. Mwanachama hulipa ada kwa shirika, kisha huchagua sehemu atakayojiandikisha, na hao waliojiandikisha ndio wanaoichagulia sehemu viongozi. Wako maelfu, wametawanyika nchi nzima, lakini kura inawafikia walipo. Kwa mfano huo, wenzenu wa Nairobi wana haki yao kamili hata kama hawajui tope linanuka vipi.

Uzuri wake uko kwenye uenyekiti. Humchagui mwenyekiti wa leo, unamchagua wa kesho. Mwaka wa kwanza ni mwenyekiti mteule, anajifunza. Mwaka wa pili anaongoza. Wa tatu ni mwenyekiti anayestaafu, bado yuko mezani ila hashiki usukani. Hakuna anayeganda kitini, na hakuna anayeingia mikono mitupu.

Mfano wa pili ni kinyume chake kabisa. Vikundi vya wataalamu chini ya tume ya spishi ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, havina uchaguzi. Mwenyekiti wa tume huwateua wenyeviti wa vikundi, nao huwaalika wataalamu wao. Kila baada ya takriban miaka minne uteuzi wote hukoma na kuanza upya. Huko kinachokuingiza ni ujuzi na kazi, si ada. Kitwitwi angepata kiti huko mapema kuliko mtu wa WhatsApp, ila asingekuwa na kura ya kumwondoa mwenyekiti.

Kwa hivyo ukitaka ada iwe mlango, unapata kura. Ukitaka kazi iwe mlango, unapata uteuzi. Vurugu yenu inatokana na kutaka kuchukua nusu hapa na nusu pale bila kusema wazi.

Na hapa kwetu, kile chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa Nairobi 1909, ambacho leo wengi wanakijua kwa jina la Nature Kenya, kina kamati ya ndege ambayo huchapisha jarida la Scopus tangu 1977. Kamati ndani ya chama, yenye kazi inayoonekana. Kitengo kikiwa na kazi kama hiyo, ugomvi wa viti hupungua wenyewe, maana kiti kinakuja na kazi za usiku.

mvuvi_wa_Ngomeni
Mwalimu hiyo ya mwisho nakataa 😂 Kwenye BMU yetu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kazi ni nyingi na ugomvi wa viti uko palepale.

mwalimu_mstaafu_Kisumundogo
Kwenu kuna samaki, bwana. Ndege hawauziki.

hesabu_safi
Upande wa pesa nitasema kwa ufupi kwa sababu hauna mengi. Kitengo kisifungue akaunti yake benki. Laini ya M-Pesa ya katibu isipokee hata shilingi ya ufadhili, hata kwa siku moja, hata kama nia ni safi. Pesa ziingie akaunti ya chama, na mweka hazina wa chama awafungulie ukurasa wenu kwenye vitabu, ili pesa ya ndege isije ikalipa kodi ya ofisi. Kanuni iseme halmashauri haitazitumia kwa jambo jingine bila idhini ya kamati ya kitengo. Hapo ndipo vitengo vingi huliwa, si kwenye wizi. Kila robo mwaka mpewe taarifa ya kilichobaki. Basi.

mchunga_shakwe
Shukran sana nyote. Mwalimu umenifungua macho. Nimeongea na vijana wa Sabaki jana na wengi wanasema ada yenyewe ingekuwa ndogo wangelipa. Ada ya chama imepangwa kwa mifuko ya Nairobi.

Swali jingine, na hili ni zito kwangu. Mzee wetu mwenyekiti. Nikileta kanuni yenye muhula, ataona nimemwandikia barua ya kufukuzwa. Amenifundisha mimi kutofautisha aina moja ya kitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, na nyingine.

Bi_Shela
Mwanangu, usimpelekee kanuni kwenye mkutano. Nenda kwake baada ya alasiri, umwachie rasimu, umwombe aisome na akusahihishe. Ukimwambia mbele ya watu utamlazimisha apigane, hata kama moyoni alitaka kupumzika. Halafu muhula usiurudishe nyuma. Uanze kuhesabiwa siku kanuni zinapoidhinishwa, naye aruhusiwe kugombea kama mwingine yeyote. Akishinda, sawa. Akiamua kutogombea, awe mlezi wa kitengo: anaalikwa, anasikizwa, jina lake linabaki.

hesabu_safi
Naongeza kwa Bi Shela kwa heshima zote: mlezi asiwe na kura wala saini. Nimeona mahali mlezi ndiye mwenyekiti kwa mlango wa uani.

wakili_kibarazani
Kuhusu ada, dawa ya kudumu ni kuongeza daraja la wanachama, mwanachama wa eneo au mshiriki, mwenye ada ndogo na kura kamili ndani ya kitengo. Ila hayo ni marekebisho ya katiba, lazima yapite mkutano mkuu, kwa hivyo peleka hoja mapema. Kwa sasa kamati ya kitengo iwe na viti viwili vya wahesabu, vinavyochaguliwa na wahesabu wenyewe, kwa azimio la halmashauri lililoandikwa kwenye kumbukumbu.

kitwitwi_wa_Mida
Viti viwili kati ya vingapi?

wakili_kibarazani
Saba. Ni vichache, ndiyo. Ni vya muda.

kitwitwi_wa_Mida
Hii "ya muda" naijua. Kanuni iandike tarehe ya mwisho. Hoja ya ada isipofika mkutano mkuu ujao, viti viwe vitatu vyenyewe bila kuombana.

wakili_kibarazani
Hilo linaandikika, tena ni zuri. Halmashauri itakuwa na sababu ya kuharakisha.

BintiMkunguni
Msisahau nani anaongea kwa niaba ya nani. Kesho kuna mjadala wa mashamba ya chumvi kule Gongoni, mwandishi wa habari atampigia mwenyekiti wa kitengo. Atasema kwa jina la chama? Andikeni kwamba tamko lolote la hadhara lipitie halmashauri. Takwimu za hesabu ni sawa kuzitoa, msimamo ni wa chama.

mchunga_shakwe
Nimekwenda kwa mzee. Alisoma yote kimya, akaomba kalamu. Mwaka mmojammoja wa mwalimu ameukata, akaandika miaka miwili, anasema mtu hamalizi kujua misimu ya ndege kwa mwaka mmoja. La uenyekiti mteule amelipenda. La kugombea hakusema kitu, nami sikuuliza.

Rasimu sasa iko hivi: (1) katiba ya chama iko juu ya kanuni hizi, (2) kamati ya watu saba, wawili wakichaguliwa na wahesabu, wakiwa watatu kama hoja ya ada haikufika mkutano mkuu, (3) mwenyekiti miaka miwili, akitanguliwa na uteule na kufuatiwa na kustaafu, (4) kanuni kubadilishwa kwa theluthi mbili ya wanachama wote wa kitengo, kisha halmashauri, (5) pesa akaunti ya chama, ukurasa wake, (6) kila aliyehesabu aandikwe kwenye ripoti. La matamko nalifanyia kazi leo usiku. Kuna lililonipita?

hesabu_safi
Namba 4. Weka "theluthi mbili ya waliopiga kura", pamoja na akidi ndogo na ruhusa ya kupiga kura kwa simu. Ukingoja theluthi mbili ya wanachama wote, na nusu yao ni wa WhatsApp, hamtabadilisha hata koma.